Ukishutumiwa kwenye kesi ya mtoto, anza na kaunta buku

Jumamosi nikishamaliza kuuza mawese yangu pale sokoni Mwanga narudi zangu Ujiji, naoga, natandika mkeka chini ya mwembe. Ikifika alasiri watu wameshaanza kuja. Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria, wale tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kwangu hutozwi hata shilingi.

Wanaokuja kwa habari za watoto huja wamewaka. Simu iko mkononi, wananionyesha meseji kabla hatujasalimiana. "Bi mkubwa, soma hii, kaniita malaya mbele ya hakimu!" Au, "Mama, eti mimi mlevi, mimi ambaye hata togwa sinywi." Nawaambia kaa kwanza, kunywa maji, halafu nipe nakala ya maombi yaliyofunguliwa. Alichosema kisimani sikitaki, wala alichorusha kwenye grupu la ukoo. Nataka kile chenye mhuri wa mahakama, kwa sababu hicho ndicho utakachotakiwa kukijibu. Kama huna nakala, nenda masijala ukaiombe, ni haki yako. Kuna mtu alijiandaa wiki tatu kujibu tuhuma ya uchawi, kufika mahakamani hakuna mahali ilipoandikwa. Yeye ndiye aliyeitamka wa kwanza.

Kosa nililolifanya mimi

Nitaanza na langu, nisije nikaonekana nafundisha nisichokijua. Mwaka 2008 nilikuwa nasafirisha mawese kwa treni kwenda Tabora. Nalala njiani, nauza, nageuza na treni inayorudi. Ndoa ilipoharibika, mume wangu akadai mahakamani kwamba namtelekeza mtoto wetu wa miaka minane, naenda kulala na wanaume kwenye mabehewa.

Nilipopewa nafasi ya kujibu nikakataa kila kitu. "Sijawahi kusafiri, Mheshimiwa." Niliogopa kwamba nikikubali safari nimekubali na wanaume. Basi mwenzangu akamleta mzee mmoja mpagazi wa stesheni, aliyekuwa akinipakilia madumu. Mzee wa watu alisema kweli tupu: kila baada ya wiki mbili huyu mama nampakilia madumu yake sita, nane. Kuhusu wanaume hakusema kitu, wala hakuulizwa. Lakini kuanzia pale, hata nilipoapa kwamba mtoto namwacha kwa mama yangu mzazi, anakula, analala, asubuhi anakwenda shule amepiga pasi, nani angenisikiliza? Uongo wangu mdogo ulikuwa umeubeba mgongoni uongo wake mkubwa. Mtoto akaenda kwa baba yake. Ilinichukua mwaka na miezi minne kumrudisha.

Kama ningesema tu, "Ni kweli nasafiri, ndiyo biashara inayomlisha, na usiku huo mtoto yupo kwa bibi yake, huyu hapa," yule mpagazi angekuwa shahidi wangu.

Tuhuma moja, ukurasa mmoja

Nunua kaunta buku. Daftari la shule huwa linachanika kabla kesi haijaisha. Kila tuhuma ipe ukurasa wake, hata ikiwa ya mstari mmoja. Juu nakili maneno ya mwenzako kama yalivyo, usiyaongezee chumvi wala usiyapunguze. Chini yake andika neno moja kati ya haya: kweli, uongo, nusu. Kisha lini, wapi, nani aliona kwa macho yake, na kuna karatasi gani.

Wengi wanakimbilia "uongo". Kwa uzoefu wangu, tuhuma nyingi za wazazi zinazofika pale mwembeni ni nusu.

Baba mmoja wa Katonga alikaa hapa na ukurasa wake. Juu ameandika: "Miezi mitatu mjibu maombi hakutoa matunzo hata senti." Chini yake UONGO, kwa herufi kubwa, kalamu imetoboa karatasi. Nikamuuliza ni miezi gani. Akafunua nakala: Juni, Julai na Agosti 2024. Akaniangalia, nikamwangalia. Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, na yeye hana hata kasia lake. Anavua dagaa kwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa, cha mtu na analipwa kwa mgao.

"Ulituma shilingi ngapi miezi hiyo?"

"Hela sikuwa nayo, mama. Nilipeleka unga mara mbili, na viatu vya shule."

"Basi hapo umeandika nini?"

Akakata UONGO, akaandika NUSU. Ndipo ukurasa ukaanza kujaa. Unga aliununua duka gani? Aliupeleka siku gani, nani alipokea? Alipokea bibi wa mtoto, upande wa mama. Viatu vilinunuliwa kabla ya shule kufunguliwa Julai, na mwenye duka anamfahamu. Kisha tukaenda kuchukua taarifa ya miamala ya simu yake ya mwaka mzima. Inaonekana wazi: kila mwezi anatuma, inafika Mei inakatika, mwishoni mwa Agosti inaanza tena. Karatasi hiyo ilimsemea kuliko kiapo.

Mahakamani hakusema "ni uongo". Alisema, "Ni kweli sikutuma fedha miezi hiyo, ziwa lilikuwa limefungwa. Nilipeleka vitu hivi, siku hizi, akapokea fulani." Kutunza mtoto ni wajibu wake kisheria, na ufukara hauufuti, lakini kiasi mahakama inakipanga kwa kuangalia uwezo wa mtu. Na hakimu anayekaa Kigoma humsimulii habari za ziwa kufungwa. Naye mboga alikuwa anainunua kwa bei ileile tuliyokuwa tunalia nayo.

Mstari wa mwisho wa kila ukurasa una swali moja: hili linamgusa mtoto vipi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inaiagiza mahakama iangalie kwanza ustawi wa mtoto, kisha matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama umri wake unamruhusu kutoa maoni yake, na mila za jamii yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imejengwa juu ya maslahi ya mtoto. Sasa chukua kurasa zako uzipitishe kwenye swali hilo. "Ana kiburi." "Hamheshimu mama yangu." "Ana bwana." "Alinirogea mdogo wangu." Nyingi zinabaki tupu. Ukurasa uliobaki tupu, jibu lake mahakamani ni sentensi moja, "Si kweli, Mheshimiwa," basi. Uchawi ndiyo kabisa usiufungulie mlango. Nimeona mama anatumia nusu saa nzima kueleza kwamba hirizi ile ilikuwa ya marehemu babu yake, na suala la nani anampeleka mtoto kliniki halikupata hata dakika tano.

Hapa niseme jambo linalonichosha. Akina baba wengi wa huku wanaamini mtoto akifika miaka saba ni wao moja kwa moja, wanakuja siku ya kuzaliwa na baiskeli kumchukua. Hapana. Sheria inachosema ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 inachukuliwa ni heri kwake akae na mama, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Akivuka saba hakuna kengele inayolia. Mahakama inaangalia ustawi uleule, na inaangalia pia madhara ya kumhamisha-hamisha mtoto aliyezoea mahali.

Nani aje kukusemea

Usiniletee dada yako kwanza. Dada yako anakupenda na hakimu anajua hivyo. Nitafutie mwalimu wa darasa anayejua nani huja kikao cha wazazi, au jirani ambaye hana ugomvi na yeyote kati yenu. Mama mmoja wa Buzebazeba alishutumiwa kwamba mtoto anashinda njaa. Shahidi wake bora alikuwa muuza maandazi wa pale njia panda: kila asubuhi mtoto huyu anakuja na mia tano, anachukua mawili na chai, mwisho wa wiki mama yake anapita kumalizia deni kama lipo. Hakuwa na la kuongeza, na hakuongeza.

Shahidi aseme alichoona. Akianza na "nilisikia" mzuie mapema, ukiwa bado nyumbani. Na ndugu anayejitolea kusema alikuwepo wakati hakuwepo, mkatalie. Kuapa na kusema uongo mahakamani ni jinai, Kanuni ya Adhabu inafika kifungo cha miaka 7. Halafu atakuharibia yote, kama nilivyojiharibia mimi bila msaada wa mtu.

Karatasi nazo si lazima ziwe kubwa. Kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo, ripoti za shule, risiti za dawa. Meseji usizifute wala usizikate kati. Picha ya skrini ionyeshe namba na tarehe, na simu yenyewe uwe nayo. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ushahidi wa aina hii unapokelewa, lakini utaulizwa ulitoka kwenye simu ipi na kama haujachezewa. Simu ya mwenzako usiifungue kwa kuiba namba yake ya siri. Hilo ni kosa chini ya sheria ya makosa ya mtandao, na utakuwa umemtafutia yeye tuhuma mpya, safari hii ya kweli.

Kwa mliofunga ndoa na mnaotafuta talaka, mtapita kwanza baraza la usuluhishi, liwe la kata, la msikiti au la kanisa. Watu wanafika pale wanaongea kama wako barazani kwa shangazi. Baraza linaandika lilichobaini, hati yake inakwenda mahakamani, na linaweza kupendekeza hata mtoto akae na nani. Nenda na kaunta buku lako tangu huko. Ambao hamkufunga ndoa, maombi ya ulezi yanakwenda Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto.

Pingamizi, maswali na mbalamwezi

Kuna dakika mbili ambazo watu wanazipoteza.

Ya kwanza ni pale mwenzako anapotoa karatasi akasema, "Naomba ipokelewe kama kielelezo." Hakimu atakugeukia: "Una pingamizi?" Watu wa kwetu kwa heshima wanajibu "sina, Mheshimiwa," karatasi hawajaiona. Omba uisome. Isome yote, na nyuma. Kama saini si yako, au tarehe zimefutwafutwa, au hujawahi kuiona barua hiyo, ndipo pa kusema. Ikishapokelewa imo ndani.

Ya pili ni pale unapoambiwa, "Muulize shahidi maswali." Hapa ndipo hasira inapomwaga kila kitu. Mtu anaanza kuhutubia, "Wewe si ndiye uliyenifukuza na mimba?" Hakimu anamkatiza, anakaa chini anatetemeka, hajauliza chochote. Na ukiacha kumuuliza shahidi juu ya jambo zito alilolisema, mahakama inaweza kuchukulia kwamba umelikubali. Kwa hiyo andika maswali nyumbani, mafupi, yale ambayo jibu lake unalijua.

Mama wa hapahapa Ujiji alidaiwa na mumewe kwamba usiku wa Maulidi alimwacha mtoto wa miaka mitano peke yake ndani, akaenda kusikiliza kasida. Baba alisema alirudi alfajiri kutoka kuvua, akamkuta mtoto analia mlangoni. Iliumiza kuisikia, hata mimi nilishtuka. Mama analia, anasema mtoto alikuwa naye, amelala mapajani kwake, wanawake wote wa uani walimwona. Tukaandika ukurasa. Kwenye "lini" akaandika: Maulidi. Nikaliangalia neno lile muda mrefu. Maulidi ni tarehe 12 Mfunguo Sita. Mwezi umebakiza siku mbili tatu ujae.

Wa nje huenda hajui: dagaa wetu wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa haiwavuti, vipe vinavutwa mchangani, watu wanashona nyavu na kulala kwa wake zao.

Siku ya maswali mama alisimama na karatasi yake.

"Baba watoto, usiku huo ulikuwa wapi?"

"Nimeshasema. Ziwani."

"Unavua nini?"

"Dagaa."

"Kwa taa?"

"Kwa taa, kwani dagaa wanavuliwaje?"

"Mwezi ulikuwaje usiku huo?"

Akanyamaza. Akatazama dirishani, kama vile mwezi wenyewe utamjibu. Hakimu akaandika. Nilikuwa nimemwonya mama: ukifika hapo, kaa chini. Usimwambie "unaona sasa!" Usimwambie muongo. Alitamani, niliona mdomo unacheza, lakini alikaa. Baadaye wanawake wawili wa uani wakaeleza mtoto alilala wapi, na tuhuma ile ikaisha.

Sikusema kwamba yule baba ni mtu mbaya. Alimpenda mtoto wake na aliogopa kumkosa, akatunga. Nilimjua woga huo.

Afisa ustawi na kinywa cha mtoto

Sheria inaitaka mahakama, inapowezekana, ichukue ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa ustawi wa watoto, ingawa haifungwi kuufuata. Kwa kawaida ni afisa ustawi wa jamii, naye anaweza kuja nyumbani. Usikodi sofa. Anachokiangalia ni mtoto analala wapi, chandarua kipo, shule iko umbali gani, nani anabaki naye ukiwa kazini. Mwonyeshe na kasoro: "Hapa panavuja, fundi nimempa kazi." Na asikukute unamsema mwenzako kuanzia mlangoni mpaka uani.

Mtoto usimfundishe maneno. Nakuomba hilo kuliko mengine yote niliyoandika. Niliwahi kusimuliwa na afisa mmoja habari za mtoto wa miaka sita aliyeulizwa anapenda kucheza nini kwa baba. Akajibu, "Baba yangu hawajibiki kwa matunzo." Kisha akauliza kama amesema vizuri. Mtoto wa miaka sita wa Gungu anajua nini "kuwajibika"? Afisa aliandika maneno hayo kama yalivyotoka. Mtoto wako akiwa na la kusema, ataulizwa faragha, taratibu, na wanaojua kuuliza. Wewe mwambie tu ataulizwa maswali na aseme anachokijua.

Ikiwa tuhuma ni ya kipigo au kuchezewa

Hapa kaunta buku linasubiri. Kama mtoto amepigwa, ameumizwa au ameingiliwa, au kama wewe mwenyewe unapigwa, nenda leo polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mpeleke hospitali. Usimwogeshe, usifue nguo, usimhoji mara kumi. Simu namba 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto. Usikubali wazee wakuketishe kikao na kuku wawili.

Na ukishutumiwa wewe kwa jambo hilo na hukulifanya, najua dunia inakuinamia. Usimfuate mtoto, usimfuate aliyesema, usitume mtu kubembeleza. Tafuta wakili, maana hapo umeshavuka mwembe wangu. Shauri la jinai lina njia yake. Andika ulikuwa wapi siku zile wakati kumbukumbu bado ni mbichi, na ukubali kumwona mtoto mbele ya mtu wa tatu mpaka liishe, hata kama moyo unakataa. Kukubali usimamizi si kukiri.

Hukumu ikishatoka

Hukuridhika? Kwenye mashauri ya ndoa una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na rufaa hiyo unaifungua palepale kwenye mahakama iliyokuhukumu. Enzi zangu rufaa ilikuwa maana yake treni mpaka Tabora. Sasa Mahakama Kuu ipo hapahapa Kigoma.

Kuna njia nyingine ambayo watu hawaijui. Amri ya ulezi haijachongwa kwenye jiwe. Mahakama inaweza kuibadilisha ikionekana ilitolewa kwa maelezo ya uongo au makosa, au mazingira yamebadilika sana. Ndiyo njia niliyopita mimi. Nilirudi na ripoti za shule zilizoporomoka, na mama yangu mzazi mwenyewe, na safari hii nilianza kwa kusema, "Mheshimiwa, mara ya kwanza nilidanganya kuhusu treni." Chumba kilikuwa kimya hadi nikasikia feni.

Wakati unasubiri, amri iliyopo ifuate hata kama inakuuma. Siku ya kumpeleka mtoto, mpeleke. Matunzo yatume kwa simu, siyo mkononi kupitia kwa shemeji. Ukimchukua mtoto ukamficha Kasulu kwa dada yako, utakuwa umempa mwenzako ukurasa ambao hata mimi siwezi kuujaza.

Nipo kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Njoo na nakala ya maombi, kaunta buku, na kalamu yako mwenyewe, zangu wameshazimaliza.